Utepe kwenye Usukani wa Baba

Jumatatu, 9 Machi 1914

Masika yameanza leo adhuhuri tukiwa darasani. Mvua ilipiga mabati kwa kelele hata mwalimu akaacha kusema, akaketi, nasi tukabaki tukitazamana. Nilifurahi, kwa sababu zamu yangu ya kusimama na kusoma kwa sauti ilikuwa imekaribia. Napenda kusoma. Kusimama ndiko nisikokupenda.

Baba amerudi jioni ana matope mpaka kichwani, magoti yote mawili yamechubuka. Baba ni tarishi wa posta. Anapeleka barua kwa Wazungu wa mashamba, Bigwa hadi Kingolwira, na siku nyingine Mlali, ng'ambo ya mto Mzinga. Anakwenda kwa baiskeli yake, ambayo Mzungu mmoja wa shamba la mpira alimwachia alipofunga shamba mwaka jana na kurudi kwao. Zamani usukani ulikuwa na vishikio vya kizibo. Vimemeguka, sasa pamebaki chuma kitupu, na chuma kikilowa kinateleza. Leo mikono ilimtoka kwenye mteremko wa Bigwa.

"Barua hazikulowa," alisema, kabla hata hajaketi.

"Nani alimtupa mwenzake," Mama akamwuliza, "wewe au baiskeli?"

"Tulitupana."

Nilicheka nao, lakini niliyaona magoti yake alipoyaosha. Nimemwambia kwamba katika kitabu kimoja cha mwalimu kuna picha ya baiskeli ambayo usukani wake umezungushiwa utepe wa kitambaa. Nikasema nitamfanyia. Baba akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Hesabu za mafungu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda dukani kwa Vinubhai na mayai ya Mama. Nilirudia maneno yangu njia nzima, lakini nilipofika mbele ya meza yake yakapotea yote, nikasema tu, "Utepe."

"Utepe wa nini, bwana mdogo? Wa nywele? Wa suruali?"

"Wa baiskeli."

Vinubhai hakucheka. Alijua ni ya Baba, maana baiskeli za Waswahili katika mji huu si nyingi. Akanitolea kitambaa chekundu kile kiitwacho bendera, akanitolea na utambi wa taa ule mpana unaouzwa kwa kupimwa. Nikachagua utambi. Nilifikiri nina akili sana, kwa kuwa utambi ni utepe tayari, umefumwa pande zote mbili, hauchanuki nyuzi. Nimeuzungusha jioni, kuanzia katikati ya usukani kwenda nje, kila mzunguko ukiupanda ule uliotangulia nusu. Ulipendeza.

Jumanne, 17 Machi

Utambi umekunywa mvua yote ya Kingolwira. Baba amerudi vidole vimenyauka kama vya mtu aliyefua nguo mchana kutwa.

"Ukinitia mafuta ya taa," alisema, "nitawaka mpaka asubuhi."

Tena kingo zote zimejikunja. Baba akanionyesha sababu: mkono unasukuma kwenda nje, na kingo zangu zinautazama, basi kila akishika anazifumua. "Nyumba tunaiezeka kuanzia wapi?" akaniuliza. Nikasema chini, kwenye upenu, tukipanda juu. "Kwa nini?" Ili maji yateleze juu ya nyasi yasiingie. "Basi nami niezeke hivyo." Kumbe yapasa kuanza nchani, kwenda katikati.

Jumanne, 24 Machi

Jumamosi nilikinunua kile kitambaa cha bendera, nikamzungushia, kuanzia nchani. Kimekaa vizuri, hakikujikunja hata mahali pamoja. Lakini leo mvua imekikamua rangi. Baba ameingia amenyoosha viganja mbele yake, vyekundu.

Mama akaacha kutwanga. "Bibi harusi amefika. Tandikeni mkeka."

"Bwana mmoja wa mkonge ameipokea barua yake kwa ncha za vidole," Baba akasema. "Alidhani nimemchinja mwenye barua."

Wanacheka wao. Mimi nimekwenda nyuma ya nyumba, nimefumua kila kitu. Sikutaka wanione.

Ijumaa, 27 Machi

Mama amenikuta nyuma ya nyumba. Alinivuta ndani. Alifungua sanduku lake akatoa jora la marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, lile alilopewa na ndugu zake alipoolewa, ambalo hulipunguza kidogo kidogo. Nikachukua mkasi.

"Weka mkasi," akasema. "Mkasi unakwenda unakotaka wewe. Ukichana, kitambaa kinafuata uzi wake chenyewe."

Akatia jino pembeni, akavuta. Marekani ilichanika moja kwa moja, kwa sauti ndefu, mpaka mwisho. Vipande viwili, kila kimoja na upindo wake upande mmoja. Kisha akanifundisha kuvifua kwanza, maana marekani mpya ina wanga, na wanga unateleza kama chuma.

Vinakauka juu ya figa.

Jumapili, 29 Machi

Leo tumefaulu. Nimepaka kipande cha kwanza nta ya nyuki iliyotoka Towero, kwa Shangazi, nikaipasha moto kidogo iingie kwenye nyuzi. Nchani nikatia utomvu wa mpira kutoka miti ya lile shamba lililofungwa, ambayo hakuna tena anayeigema. Nikazungusha kwenda katikati, nikivuta sana. Mkono wa kushoto nikazungusha kwa upande mmoja na wa kulia kinyume chake, ili Baba akikamata kwa nguvu kitambaa kikaze, kisilegee. Mwisho nikafunga kwa uzi wa katani.

Baba akapanda, akaenda mpaka penye jiwe kubwa njiapanda, akarudi. Penye jiwe alipiga kengele mara mbili, kama afanyavyo kila jioni. Mama akisikia kengele ile husimama, huchota maji kwa kata na kwenda kumpokea mlangoni. Leo pia alisimama, ingawa Baba hakuwa ametoka mbali.

"Sasa nashika kitu," Baba alisema. Akaendelea kuushika usukani baada ya kushuka. "Mvua zikikatika nitakufundisha kupanda."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mto Morogoro umefika kwenye mashina ya migomba. Utepe umeshika.

Jumapili, 12 Aprili

Ahmadi ameteremka kutoka Towero na mkungu wa ndizi. Ni mtoto wa Shangazi Mwanaheri, dada yake Baba, ni mkubwa kwangu kwa miaka minne hivi. Hakusoma. Ana mabega mapana na sauti inayosikika ng'ambo ya bonde, na kila akija hunipa jina jipya. Leo nilikuwa Bwana Kalamu.

"Bwana Kalamu, mmeifunga kidonda baiskeli? Imeumia wapi?"

Kila mara majibu yangu mazuri huja akiwa amekwisha kuondoka.

"Kazi yake hiyo," Baba akasema. "Njoo, mpwa wangu, ushike. Shika vizuri, usiogope. Siku moja hii itakuwa yako."

Alisema kwa kawaida tu, kama mtu anavyosema kesho ni Jumatatu. Ahmadi akaushika usukani kidogo, akauacha kama kwamba una moto.

Nimemwuliza Mama jikoni. Nilidhani atanituliza.

"Hujui haya? Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Wewe ni wa kwangu. Mashamba yako yapo kwa wajomba zako. Baba yako na Ahmadi ni ukoo mmoja. Baba yako akifa, Ahmadi atachukua vitu vyake na jina lake."

"Na jina?"

"Ataitwa Pazi. Nanyi watoto mtamwita baba."

Nikasema kitabu cha dini hakisemi hivyo, mtoto anarithi. Mama akasema kitabu ni kitabu, na Towero ni Towero.

Mimi ndiye niliyeuezeka usukani ule. Vidole vyangu bado vinanuka nta.

Jumatano, 15 Aprili

Mwalimu amesifu mwandiko wangu. Baba anakohoa.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Baba alikwenda Mlali. Alirudi amelowa yeye, si barua: barua alizifunga katika koti lake, akasafiri na shati. Mama amegomba.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 30 Aprili

Baba hakwenda kazini. Anasema ni kichomi, upande wa kulia, akivuta pumzi ni kama mtu anamchoma sindano. Baiskeli imeegemea ukuta, ndani, karibu na kitanda chake. Alitaka iwe karibu.

Nimeutazama utepe. Umekuwa mweusi pale viganja vinapokaa, na upande wa kulia, mahali pa kidole gumba, kuna shimo dogo linaloanza. Sehemu nyingine zote bado ni rangi ya mkate. Unaweza kujua ukubwa wa mikono yake kwa kutazama tu.

Jumapili, 3 Mei

Shangazi amekuja na dawa ya majani, Ahmadi amembebea mzigo. Ahmadi hakunipa jina lolote. Aliketi mlangoni, akiitazama mvua.

Baba aliniita. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikalazimika kuinama. "Haukuteleza," akasema. "Tangu siku ile, hata mara moja."

Jumatatu, 11 Mei

Sikuandika.

Baba alikufa alfajiri ya Jumanne, tarehe tano. Nilikuwa macho. Alivuta pumzi kwa shida kama anapanda Bigwa, kisha akawa kama amefika juu.

Tangu masika yalipoanza nilikuwa nikihofia mikono yake. Nilichagua kitambaa mara tatu, nikauliza, nikasoma, nikapaka nta, ili asianguke. Ugonjwa ukapita kifuani, mahali ambapo sikupatazama hata siku moja.

Nitaandika yaliyotokea siku ile kwa utaratibu, kwa sababu nikiyaacha yanakuja yenyewe na hayaji kwa utaratibu.

Wazee walipotaka sanda, mvua ilikuwa imefunga njia ya sokoni. Mama akasema hakuna haja. Akafungua sanduku akatoa jora lile lile. Nilikuwa nimesimama nje ya pazia. Nikasikia jino, kisha nikasikia kitambaa kikichanika, sauti ile ndefu, ikasita, ikaanza tena. Niliijua. Niliziba masikio, lakini ilikuwa imekwisha kuingia.

Vinubhai alikuja kwa miguu, akasimama chini ya mwavuli wake mbele ya nyumba, hakuingia, hakuondoka, mpaka tulipotoka na jeneza.

Kabla ya hapo watani wetu wa Kizigua walifika, maana bila wao hazikwi mtu. Aliyewatangulia ni Bi Mwaisha, mwanamke mrefu ambaye Baba alitukanana naye sokoni kila wiki kwa furaha kubwa. Akaingia ndani bila hodi, akatoka amevaa kofia ya Baba ya kazi, anasukuma baiskeli. Akazunguka uani katika matope akipiga kengele.

"Barua, barua kwa wafiwa," akasema kwa sauti ya Baba, ile ya kukwaruza. "Mtu wenu amefika salama. Ameuliza huku mteremko uko wapi. Ameambiwa huku ni tambarare tupu. Amesema basi nirudisheni kwa Waluguru."

Watu wakacheka. Shangazi alicheka huku machozi yakimtoka, akishika ubavu. Ilikuwa haki, ndivyo inavyofanywa, na Baba mwenyewe alifanya hivyo kwenye misiba yao. Lakini mimi nilikuwa naangalia mikono ya Bi Mwaisha. Ilikuwa na matope na ilikuwa juu ya utepe, palepale penye weusi. Nilijua ni ujinga, lakini nilifikiri anamfuta.

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alisimama, akauachia usukani polepole, akaikamata baiskeli kwa kiti na kuirudisha ndani vivyo hivyo. Aliponipita alisema kwa sauti yake mwenyewe, "Haya, mtoto wa Pazi. Haya."

Tulimzika Towero, kwenye makaburi ya ukoo wa mama yake. Njia yote ya kupanda ilikuwa inateleza, wanaume walipokezana jeneza kila hatua chache. Ahmadi hakumpokeza mtu. Alianza nalo mtoni akafika nalo.

Jumatano, 20 Mei

Mama amekaa eda, ndani, amevaa kaniki. Nimerudi shuleni. Nilisimama nikasoma kwa sauti ukurasa mzima. Sikuogopa kitu.

Jumapili, 31 Mei

Mvua zimepungua. Baiskeli ipo mahali pake ukutani. Jioni, wakati wa kengele, mimi na Mama tunajishughulisha sana.

Jumatano, 10 Juni

Nimefikiri, na nimepata hoja. Baiskeli ni ya Baba, basi ni ya ukoo wake. Lakini utepe ni marekani ya Mama, aliyopewa na ndugu zake. Basi utepe ni wa ukoo wetu. Kwa sheria yao wenyewe ni wangu. Watakapokuja nitaufumua. Wachukue chuma chao.

Jumamosi, 13 Juni

Leo wameondoa tanga, Towero. Wamemketisha Ahmadi juu ya mkeka mpya, wakampaka unga kwenye paji la uso, wakampa shoka la Baba na upinde wa babu. Mzee mmoja akatangaza: Ahmadi hayupo, huyu ni Pazi. Shangazi, mama yake mzazi, akawa wa kwanza kumpa mkono. "Pazi, ndugu yangu, karibu," akasema.

Kisha wakaniita mimi.

"Msalimie baba yako," Shangazi akasema.

Nilipiga magoti. Nikasema shikamoo. Neno la pili halikutoka. Walisubiri. Kuku walikuwa wakiparura nyuma yangu. Shangazi akasema taratibu, "Mwite baba, mwanangu, jambo likamilike." Sikuweza. Nilitazama ule unga kwenye paji la uso wake, umechanganyika na jasho, na nikaona yeye pia anatazama chini.

"Mwacheni," Ahmadi akasema. "Njia ni ndefu. Kesho nitakwenda kuchukua baiskeli."

Jumapili, 14 Juni

Nilianza kuufumua asubuhi kabla hajafika. Nilikata uzi wa katani, nikaanza mkono wa kulia. Nilidhani nitapata utepe. Nilipata kitu kingine. Ulitoka umejikunja kama maganda, haukukubali kunyooka hata nilipoukanyaga. Na ndani, sehemu iliyokuwa imefunikwa na mzunguko mwingine, bado ilikuwa nyeupe, na nta inanuka kama siku ile ya Machi. Weusi wa viganja uligawanyika: kipande cheusi, kipande cheupe, kipande cheusi. Kwenye usukani ulikuwa mkono mzima. Mkononi mwangu ulikuwa madoa tu.

Nikaketi chini.

Ahmadi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Unachukua?" akauliza.

"Ni marekani ya Mama." Nilikuwa na hoja yangu yote, imepangwa, lakini nilisema hilo tu.

"Chukua."

Akaketi kwenye kizingiti. Mabega yake yaliziba mwanga. Akasema, "Nilikuwa niondoke mwezi huu, najua hujui. Nilitaka kazi ya reli. Kuna mtu alinikubali, twende naye mpaka bara kabisa, Tabora huko. Sasa mimi ni Pazi, na Pazi ana mashamba Towero, ana makaburi, ana dada mgonjwa wa miguu ambaye jana alikuwa mama yangu." Akaitazama baiskeli. "Wewe umemlilia baba yako. Ahmadi naye jana ametangazwa hayupo, wakapika wali."

Sikuwa nimelifikiri hilo. Muda wote niliona mtu anayekuja kuchukua.

"Wala sijui kupanda," akasema. "Siku ile aliponiambia nishike, niliogopa. Mikono yangu ni ya jembe."

"Mimi pia sijui. Alisema mvua zikikatika atanifundisha."

Alinyoosha viganja vyake akavitazama. Ni vipana kuliko vya Baba.

Chuma kilikuwa uchi upande mmoja, kinang'aa. Nilikumbuka magoti. Nikasema, "Hiki kitakutupa."

Tuliufumua na upande wa pili, pamoja. Kisha tukauzungusha upya. Yeye alivuta, mimi nikazungusha, kuanzia nchani, nusu juu ya nusu, kushoto kinyume cha kulia. Lakini niliugeuza. Upande wenye weusi niliuweka ndani, uguse chuma, na upande safi nje. Lile shimo la kidole gumba nilizungushia mara mbili. Hakuniuliza kwa nini. Nilipofunga uzi alisema tu, "Kaza."

Sikujibakizia hata kipande.

Akaondoka kwa miguu, akiisukuma kupanda Towero. Nilisimama njiani mpaka alipopotea kwenye migomba. Sikumwita.

Jumatano, 24 Juni

Umande. Baridi asubuhi. Ukuta una alama mahali usukani ulipoegemea.

Jumapili, 5 Julai

Mvua zimekatika kabisa. Milima ipo wazi tangu juu, unaweza kuona moshi wa nyumba za Towero.

Jioni kengele ililia penye jiwe. Mara mbili.

Mama alisimama. Alikuwa amekwisha kuchukua kata na kuitia mtungini, maji yanadondoka, ndipo akatulia. Alibaki hivyo, mkono ukiwa hewani. Kisha akanipa mimi ile kata na kukaa chini, uso akauelekeza ukutani.

Nikatoka.

Alikuja akiyumba, amekunja uso kwa hofu, akasimama kwa kuburuta miguu yote miwili mavumbini. Viwiko vyake vilikuwa na michubuko, ya zamani na ya leo. Nikampa maji akanywa yote. Akanirudishia kata.

"Nasikia nilikuahidi kukufundisha," akasema hatimaye. "Mvua zikikatika."

Hakutabasamu. Alisema kama mtu anayeokota mzigo ulioachwa njiani, ambao sasa ni wake.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Lilitoka. Lilikuwa neno dogo, na ndani ya nyumba nilisikia Mama akianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya sanda.

Alishuka, akanishikia baiskeli kwa kiti. Nikapanda. Nikaweka mikono kwenye utepe. Ulikuwa na joto.